Niache kazi ya duka nishone muda wote?

Swali: Mwalimu, habari za Kisumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Lurambi hapa Kakamega. Mchana ni keshia katika duka la jumla mjini, siku sita kwa wiki, muda wa saa tisa kila siku, nalipwa 16,000 kwa mwezi. Jioni na Jumapili nashona nyumbani, hasa magauni ya vitenge. Napata kama kumi na mawili kwa mwezi, natoza 1,800, mteja anakuja na kitambaa chake. Cherehani ni moja, ya miguu. Ovaloki, kushona kingo za kitambaa zisifumuke, napeleka kwa jirani. Kazi zipo lakini pesa siioni, na kuna wateja ninaowadai jumla 9,400. Nimeonyeshwa kibanda karibu na stendi, 5,000 kwa mwezi, na mtu ananiuzia cherehani ya kiwandani kwa 38,000. Niache kazi nichukue mkopo nishone muda wote? Na shangazi wa mume wangu nimwambieje? Kila mwezi ana nguo ya kushonewa bure.

Jibu: Dada, barua yako nimeisoma kikokotoo kikiwa mkononi, uniwie radhi. Kila mstari una pesa: mshahara, kodi ya kibanda, bei ya cherehani, madeni. Kitu kimoja hukukitaja, nacho ndicho kitakachokuishia kabla ya pesa: saa zako. Biashara ya mtu mmoja haina stoo. Stoo yake ni saa za mwenyewe, na hizo hata uwe na milioni huagizi gunia la pili.

Hebu tulifumue gauni moja la 1,800 tuone limeshonwa na nini. Kabla hujagusa makasi, mteja amekutumia picha tatu kwa WhatsApp, amebadili nia kuhusu mikono, ameuliza bei mara mbili, na baadaye atauliza tena liko tayari lini. Hizo ni dakika 40, ambazo najua hujawahi kuzihesabu kwa sababu ulikuwa ukimjibu huku unasonga ugali. Kumpima, 15. Kushuka mjini kutafuta zipu ya rangi ile na bitana, 50. Kukata, 45. Kushona kwenyewe, saa mbili na nusu. Halafu unafunga mlango, gauni kwenye mfuko, unakwenda kwa jirani mwenye ovaloki, unamsubiri amalize ya watu wengine, unarudi: 30. Upindo, vifungo na pasi, 45. Mteja anakuja kujaribu, kwapa linabana, unafumua na kurudia: 45 nyingine.

Jumla ni dakika 420, saa saba kamili. Ni makadirio yangu ya fundi wa kasi ya kawaida. Wiki hii weka daftari kando ya cherehani uandike yako, kwa dakika, bila kujionea huruma.

Sasa pesa. Kwenye 1,800 toa bitana 240, zipu 40, uzi 50, ovaloki 50, boda 100, stima 20. Umebaki na 1,300. Gawa kwa saba: karibu 186 kwa saa. Dukani, saa 54 kwa wiki kwa mshahara wa 16,000, unapata karibu 68 kwa saa. Ndiyo maana moyo wako unakwambia uache kazi, na kwa hesabu hiyo moyo haujakosea.

Lakini 186 unaipata kwa saa iliyo na nguo mezani. Saa ya kukaa kibandani ukitazama matatu zikipita haina malipo yoyote. Leo una mshahara wa 16,000 na 15,600 za magauni kumi na mawili, jumla 31,600. Ukiacha kazi ukachukua kibanda, lazima upate hizo 31,600, uongeze 5,000 za kodi, uongeze angalau 300 za bima ya afya kwa mwezi, maana makato ya mwajiri yatakuwa yamekoma. Hiyo ni 36,900. Gawanya kwa 1,300. Unahitaji magauni zaidi ya 28 kila mwezi, saa 199, ili uwe pale pale ulipo leo. Siyo mbele, pale pale. Mwezi usiwe na mtoto wa kuugua, usiwe na stima ya kupotea, usiwe na matanga. Na wewe unajua, kwetu magharibi mwezi usio na matanga haujazaliwa.

Una maagizo kumi na mawili. Kumi na sita mengine yatatoka wapi? Kibanda hakileti wateja, kinawapa tu mahali pa kukaa wakija.

Nikueleze kosa langu ili usidhani nasema kutoka kwa vitabu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, mimi nilikuwa na cherehani mbili kwenye chumba kimoja karibu na soko la Kibuye. Mji mzima ulitaka mifuko ya kitambaa. Duka moja kubwa likaniagiza mifuko 800 kwa shilingi 60 kila mmoja, malipo baada ya kupokea. Nilihisi nimefika. Kila mfuko ulinichukua robo saa, kwa hiyo niliwapa saa 200 za maisha yangu, na katika wiki hizo niliwaambia mama mboga na wenye vioski, waliokuwa wakinunua kumi kumi kwa pesa taslimu, wasubiri. Walisubiri siku mbili wakaenda kwingine. Duka lililipa kwa vipande, kipande cha mwisho baada ya miezi mitano, na wakati huo soko lilikuwa limejaa mifuko ya bei nafuu isiyoshonwa kwa mkono. Pesa zangu nilizipata zote, hata shilingi moja haikupotea. Saa 200 hazikurudi, wala wale wa kumi kumi.

Kwa hiyo, dada, cherehani ya kiwandani ya 38,000 usinunue. Ni nzuri, ina kasi, na ingekupunguzia labda saa moja kwenye zile mbili na nusu za kushona. Ila angalia tena dakika 420: kinachokula muda wako si sindano. Ni zipu, ni njia, ni simu, ni jirani. Fundi asiyepima hununua mashine ya sehemu ambayo tayari inakwenda vizuri.

Anza na yasiyogharimu kitu. Zipu na bitana zinunuliwe mara moja kwa mwezi: rangi nane zinazokwenda na vitenge vingi, bitana nyeusi, nyeupe na ya maziwa, na zipu za kuficha, ambazo mteja hazioni na hivyo rangi haimsumbui. Badala ya dakika 50 kwa kila gauni utatumia kama 10, na ile boda ya 100 itagawanywa kwa magauni yote. WhatsApp ijibiwe saa mbili usiku, nusu saa, basi. Andaa ujumbe mmoja wenye bei, siku za kungoja na masharti ya malipo, uwe unautuma kama ulivyo. Anayekimbia akiona ujumbe huo alikuwa anakuja kukula muda.

Kisha ovaloki, na hapa ndipo ningeweka pesa. Mashine ndogo ya ovaloki iliyotumika, tuseme umeipata kwa 24,000, ijaribu mwenyewe na uzi wako kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa magauni kumi na mawili inakuokolea karibu saa tano na nusu za njia na foleni, pamoja na 600 za kulipa jirani. Kwa kazi zako peke yake itajilipa kwa muda mrefu kidogo, zaidi ya mwaka. Lakini leo ni wewe unayebeba nguo kwenda kwa mwenye ovaloki. Kesho mafundi wa mtaa watabeba zao kuja kwako, 50 kwa nguo, dakika tano. Watengee saa moja tu, kumi na mbili unusu hadi moja unusu jioni, la sivyo watakugongea mlango hadi usiku na utakuwa umejiajiri kwao.

Ukiyafanya hayo, WhatsApp ikishuka hadi dakika 20, muda wa gauni unashuka kutoka saa saba hadi karibu saa tano na nusu, na gharama kutoka 500 hadi kama 360. Unabaki na 1,440, yaani karibu 260 kwa saa. Umepanda kutoka 186 bila kumwongezea mteja hata senti. Baada ya hapo ndipo upandishe bei, na uanze na wateja wapya. Wa zamani wajulishe mwezi mmoja kabla.

Sasa jambo ambalo mafundi hawapendi nikilisema. Gauni la kitenge linakupa sifa, picha nzuri na makofi ya kanisani. Kupunguza suruali urefu kunakupa nini? Mteja analipa 150, uzi wa shilingi 10, dakika 25 pamoja na salamu. Piga hesabu: 336 kwa saa. Kubana gauni la mitumba kiunoni, 250, dakika 45, zaidi ya 300 kwa saa. Kazi unayoidharau inalipa karibu mara mbili ya ile unayojivunia, na haina kujaribishwa mara tatu. Tafuta muuza mitumba mmoja sokoni Kakamega, mwenye wateja wa ofisini, mkubaliane. Mteja akinunua na nguo ikiwa kubwa, yeye anabana kwa pini palepale, anapokea pesa na kuandika jina. Wewe ukitoka dukani jioni unapitia, unabeba, kesho asubuhi unaziacha ukienda kazini. Mpe 30 kwa kila nguo. Magauni usiyaache, yanakutangaza. Ila yasile saa zote.

Tuje kwa pesa ambazo huzioni. Sehemu yake umeshaitaja mwenyewe, 9,400 ziko kwa watu, hiyo ni faida ya magauni saba yaliyovaliwa tayari. Nguo isitoke bila kulipwa, na kazi isianze bila arbuni. Arbuni yako iwe 900, nusu ya bei, kwa sababu inafunika vifaa vyote na mteja akitoweka hujatoa pesa mfukoni. Kazi ya matanga ni tofauti. Simu inapigwa Jumatano jioni, familia inataka nguo kumi na mbili za kufanana kwa mazishi ya Jumamosi. Hapo ni pesa zote kabla ya kukata, na bei ya haraka juu yake, sema robo zaidi. Si ukatili. Wao wana majonzi, ni kweli, lakini atakayekesha siku tatu ni wewe, na baada ya mazishi kila mmoja hurudi mjini kwake. Kumdai mtu aliyefiwa ni kazi ya aibu kwa pande zote mbili, afadhali iishe mapema.

Sehemu nyingine inapotelea jikoni. Mteja anatuma 1,800 kwa M-Pesa, inakaa na ya unga, jioni unanunua tokeni na maziwa, na zipu za kesho zimeshaliwa. Fungua Pochi la Biashara kwenye laini yako hiyohiyo kwa *334#. Inakaa kando na M-Pesa ya kawaida, na ina faida nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui: mteja hawezi kuirudisha pesa aliyokulipa bila wewe kukubali. Kila Jumapili usiku jilipe mshahara kutoka humo, kiasi kilekile, tuseme 2,000. Kinachobaki ni cha biashara, hata mtoto akilia.

Kuhusu mkopo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, inakopesha watu binafsi kuanzia 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo inawekwa kama akiba yako. Riba hiyo si mbaya. Ubaya ni siku: unatakiwa kurudisha baada ya siku 14. Mashine inayojilipa kwa zaidi ya mwaka hainunuliwi kwa deni la wiki mbili, utaishia kukopa kwingine ili kulipa hapa. Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, nayo inatoza kila siku. Mikopo ya aina hiyo inafaa kitu kimoja kwako: kununua bitana ya maagizo ambayo arbuni yake imeshaingia. Ovaloki inunue kwa zamu yako ya chama, au weka kando 3,000 za kushona kila mwezi kwa miezi minane. Mshahara wa duka ndio unaokuruhusu kungoja miezi hiyo bila njaa. Huo ndio mtaji wako wa bei nafuu kuliko wote.

Makaratasi hayana mengi. Ukijitangaza kwa majina yako kamili huhitaji kusajili jina la biashara. Ukitaka jina jingine la kupendeza kwenye kibao, lisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Leseni ya kaunti itakuhusu ukichukua kibanda. Kodi ya serikali ndiyo inayowashangaza watu wenye ajira mbili. Ile ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, ni ya wanaouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Wewe unauza 259,200, hujafika. Lakini faida ya kushona inajumlishwa na mshahara kwenye ritani ya kila mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Kwa viwango vya Julai 2023, kodi ya 288,000 za kwanza inafutwa na nafuu ya 28,800, na kinachofuata kinaanza kutozwa asilimia 25. Mshahara wako ni 192,000 kwa mwaka, magauni 187,200. Umevuka. Kwa hiyo nunua bitana kwa muuzaji anayetoa risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, maana bila hiyo gharama haikubaliwi, na ukikwama uende Huduma Centre na daftari lako kabla ya Juni. Kuchelewesha ritani pekee ni faini isiyopungua 2,000, faida ya gauni moja na zaidi.

Na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kwa kiwango cha chini hiyo ni 3,600. Iweke kando kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu fundi wa peke yake akilazwa, hakuna wa kukaa kwenye cherehani.

Basi utaacha kazi lini? Usitazame mauzo. Desemba humdanganya kila fundi. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wakitahiri, fundi wa Bungoma halali, na akipima biashara yake kwa mwezi huo ataajiri watu wawili wa kuwatazama tu ifikapo Oktoba. Wewe weka ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa kazi ulizokataa kwa kukosa muda: tarehe, nguo, bei. Kama miezi mitatu mfululizo, na mmoja wao uwe Februari, karo zikiwa zimekausha mifuko ya watu, umekataa kazi za kujaza saa 30 kila wiki, acha kazi na usirudi kuniuliza. Kama ukurasa una mistari mitano, kaa dukani. Kabla ya kuacha kabisa muulize mwajiri kama atakubali siku tatu kwa wiki kwa nusu mshahara. Wengi hukataa, lakini nimewaona wawili waliokubali, keshia mwaminifu hapatikani kila siku.

Kibanda kije mwisho, na kisiwe karibu na stendi. Pale watu wana haraka, wanashuka na kupanda. Anayepunguziwa suruali huitaka karibu na alikoinunua.

Shangazi wa mume wako nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Mwambie hivi, na mume wako awepo: "Shangazi, gauni lako la Krismasi ni langu, kila mwaka, bure, uchague mtindo wowote." Halafu litimize, na ulishone vizuri kuliko ya wateja wote. Nguo za miezi mingine alete zipu na bitana yake, na zikae kwenye foleni ya Jumapili kama za wengine. Atanuna hadi Pasaka. Mwache anune, lakini gauni la Desemba usilicheleweshe hata siku moja.